Haki ya kuhudhuria kikao haijakamilika bila haki ya kukirekodi

Mhariri,

Kwa miaka 22 nilikuwa karani wa kumbukumbu katika baraza moja la mji hapa Pwani ya Kenya, tangu enzi za hati mkato na taipureta hadi mabaraza hayo yalipovunjwa mwaka 2013 na serikali za kaunti kuchukua mahali pake. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ninalolijua kuliko mengine yote, nalo ni namna maneno yaliyosemwa kikaoni yanavyogeuzwa kuwa maneno ya karatasini, na ni nani anayebaki na mamlaka juu yake baada ya watu kwenda zao.

Mwezi wa Mei uliopita, kamati ya bunge la kaunti ilifika katika ukumbi wa kijamii wa wadi yetu kupokea maoni ya wananchi kuhusu makadirio ya bajeti. Kaunti yenyewe sitaitaja, wala afisa nitakayemsimulia, kwa kuwa nimezungumza na wenzangu wa kaunti nyingine mbili na kukuta wamepitia yayo hayo, na nisingependa shida ya wengi ionekane kuwa kosa la mtu mmoja. Mlangoni palikuwa na meza, na juu yake orodha: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Hakuna aliyepita bila kuijaza. Kikao kilitangazwa kuanza saa tatu asubuhi, kikaanza saa tano kasorobo, na ilipokaribia adhuhuri akasimama mama mmoja ambaye huuza samaki wa kukaanga karibu na stendi ya matatu. Alifungua pindo la leso, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, akasoma. Alisema kwamba bomba la maji la kufikia zahanati yetu limetengewa fedha katika bajeti za miaka miwili mfululizo, akataja kiasi cha kila mwaka, kisha akauliza fedha hizo zilikwenda wapi, maana hata mtaro haujachimbwa.

Kijana aliyeketi mbele yangu alikuwa ameinua simu akimrekodi. Afisa mmoja aliyefuatana na kamati alimwendea, akamwinamia sikioni, akamuuliza anarekodi kwa kibali cha nani. Kijana akajibu kwamba huu ni mkutano wa hadhara. Akaambiwa kwamba kurekodi shughuli za bunge la kaunti kunahitaji kibali cha Spika, na kwamba afute alichokwisha kukinasa. Nilikuwa nyuma yake na nilikiona kioo cha simu vizuri. Kidole gumba chake kilisimama juu ya alama ya pipa la taka. Akainua macho, akatazama kulia na kushoto akitafuta mtu wa kumsemea, na hakuna aliyemsemea, mimi nikiwa miongoni mwa walionyamaza. Akabonyeza. Afisa akamtaka afungue pia mahali ambapo video zilizofutwa hukaa kwa muda, akafuta na huko. Wakati huo wote mama yule alikuwa bado anasoma.

Gotini mwangu palikuwa na daftari. Nilikuwa nimeyaandika maneno ya mama huyo takriban yote, kwa hati mkato ambayo mkono wangu haujaisahau, na afisa alipopita kando yangu akirudi kitini pake aliliona daftari lile, akaniamkia kwa heshima, akaenda zake. Hakuniuliza kibali. Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi tofauti iliyopo kati ya daftari langu na simu ya kijana yule, kwa kuwa sote wawili tulikuwa tukifanya kazi moja, na tofauti ninayoiona ni kwamba daftari langu linakanushika. Mtu akisema kwamba mzee huyu alisikia vibaya, nitabaki na michirizi ya penseli ambayo hata wanangu hawawezi kuisoma, lakini sauti ya mama yule mwenyewe, pamoja na uso wake na karatasi yake mkononi, nani angeikanusha? Iliyokatazwa siku ile ni kumbukumbu yenye uwezo wa kusimama ubavuni mwa kumbukumbu rasmi na kuipinga.

Baadaye niliandika barua kuomba ripoti ya kikao hicho. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, haimnyimi raia habari kwa sababu ya kile anachokusudia kuifanyia, na inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Niliandika kwa Kiswahili. Niwatendee haki wahusika: walinijibu siku ya kumi na tisa. Ripoti ilikuwa na kurasa mbili na nusu, na sehemu kubwa ya ukurasa wa kwanza ni majina na vyeo vya waliotoka makao makuu. Wadi yetu ilipewa sentensi moja, kwamba wananchi walitoa maoni mbalimbali kuhusu maji, barabara na basari, na kwa jumla wakaunga mkono makadirio. Baada ya hapo ikatajwa idadi ya waliotia sahihi mlangoni. Bomba la zahanati halimo, kiasi alichokitaja mama yule hakimo, na swali lake halimo.

Sisemi kwamba karani aliyeiandika ripoti hiyo alidanganya. Nimekikalia kiti chake na najua kazi ilivyo. Karani huketi pembeni ya mwenyekiti, huandika mengi kuliko yanayohitajika, kisha jioni hupunguza, kwa maana kumbukumbu za mkutano hazikusudiwi kuwa mazungumzo yote bali maazimio na sababu zake kwa kifupi. Rasimu hupelekwa kwa mwenyekiti, naye huipitia kwa kalamu. Hapa atasema jambo hili halikuwa katika ajenda, pale atasema mzungumzaji huyu alikuwa na hasira tu, kwingine atasema swali hili lilijibiwa nje ya ukumbi kwa hiyo halina haja ya kuandikwa. Kila pendekezo, ukilitazama peke yake, lina mantiki. Nami nilikuwa kijana mwenye familia, mshahara wangu ukitoka katika ofisi ile ile, nikapiga chapa nakala safi. Maneno "kwa jumla" nimeyaandika kwa mkono wangu mara zisizohesabika, na najua ni mambo mangapi yanaweza kulala chini yake. Ndiyo maana sitegemei uadilifu wa karani peke yake, hata awe mwema namna gani. Karani mwema naye huhitaji kujua kwamba kuna kumbukumbu nyingine ya kikao hicho mahali asipoweza kuifikia mwenyekiti.

Sasa tuitazame sheria, kwa kuwa kijana yule aliambiwa neno "kibali" kana kwamba limeandikwa katika Katiba. Kifungu cha 196 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaliagiza bunge la kaunti kuendesha shughuli zake kwa uwazi, na kufanya vikao vyake pamoja na vikao vya kamati zake hadharani. Kinaongeza kwamba bunge hilo halitawazuia wananchi wala chombo chochote cha habari kuhudhuria kikao, isipokuwa katika hali zisizo za kawaida ambapo Spika ameamua kuwa kuna sababu za kuridhisha. Kifungu cha 118 kinaliwekea Bunge la kitaifa sharti hilo hilo. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na cha 201 kinataka masuala ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji, wananchi wakishirikishwa. Ukivisoma vifungu hivi pamoja utaona kwamba Spika amepewa mamlaka ya kufunga mlango kwa nadra na kwa sababu, na kwamba mlango ukiwa wazi hakuna mahali alipopewa kazi ya kutoa leseni kwa kila aliyeingia na simu yake.

Ni kweli kwamba Katiba haikutaja neno kurekodi, na hapo ndipo penye mwanya. Mabunge hujitungia Kanuni za Kudumu, kanuni hizo hufasiriwa na maafisa, na afisa aliye ukumbini hufasiri kwa upande ulio salama kwake, ambao ni kukataza. Lakini kifungu cha 24 kinasema haki haiwekewi mipaka ila kwa sheria, na kwa kiwango tu ambacho ni cha busara na kinachoweza kutetewa katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia. Agizo la kunong'onezwa sikioni katika ukumbi wa wadi si sheria. Na amri ya kufuta ni jambo zito zaidi ya amri ya kuacha kurekodi, kwa kuwa yule aliyeambiwa aache bado anacho alichokwisha kukipata, ilhali aliyeambiwa afute amenyang'anywa kitu kilichokuwa chake.

Waingereza walipitia mwanya huu huu, na iliwachukua miaka mingi kuuziba. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa mgogoro wa wafanyakazi wa magazeti ya mikoani, baadhi ya mabaraza ya miji yaliwafungia milango waandishi wa habari. Mbunge mmoja mpya, Margaret Thatcher, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu, aliwasilisha mswada binafsi wa kuyalazimisha mabaraza hayo kuwafungulia wananchi na waandishi, nao ukawa sheria mwaka 1960. Hata hivyo sheria hiyo ilisema waziwazi kwamba hakuna baraza litakalolazimika kuruhusu upigaji picha, wala njia yoyote ya kuwawezesha watu wasiokuwapo kuona au kusikia kikao. Mlango ulifunguliwa kwa mwenye miguu ya kufika na muda wa kuketi. Aliyebaki nyumbani akauguza mgonjwa aliachwa asome alichoandikiwa. Kanuni zilizowapa wananchi wa England haki ya kurekodi na kupiga picha vikao vya mabaraza yao hazikutungwa hadi mwaka 2014, miaka 54 baadaye. Sioni kwa nini sisi tungoje muda kama huo, tukiwa na Katiba iliyo wazi kuliko sheria ile ya 1960 na simu katika kila mfuko.

Huko California, Marekani, sheria ya mikutano ya wazi iliyotungwa mwaka 1953, inayojulikana kwa jina la mbunge aliyeidhamini, Ralph Brown, sasa inatamka kwamba yeyote aliyehudhuria mkutano wa baraza anaweza kuurekodi kwa sauti au kwa video, isipokuwa baraza lithibitishe kwamba kelele, mwanga au kuziba watu wasione kunavuruga mkutano bila kukoma. Ajenda ya mkutano wa kawaida hubandikwa saa 72 kabla. Nimeipenda zaidi kauli iliyo katika utangulizi wake, kwamba watu wanapowakabidhi watumishi wao mamlaka hawawapi haki ya kuamua ni lipi jema kwa watu kulijua. Ningefurahi kuiona kauli ya namna hiyo ukutani katika kila ukumbi wa wadi zetu 1,450.

Afrika Kusini ndiyo iliyo karibu nasi zaidi, kwa kuwa Katiba yake ina masharti juu ya mabunge yaliyo wazi yanayofanana sana na ya kwetu, na mahakama zetu huzirejelea hukumu za huko mara kwa mara. Tarehe 12 Februari 2015, rais alipokuwa akilihutubia bunge mjini Cape Town, mawimbi ya simu yalizimwa ukumbini kwa kifaa maalum, na wabunge wa chama kimoja walipotolewa kwa nguvu, kamera za bunge hazikuwaonyesha watazamaji tukio hilo, kwa kuwa sera ya matangazo ya bunge ilizuia picha za vurugu zisirushwe. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo iliamua kwamba kuzima mawimbi kulikuwa kinyume cha sheria, na kwamba sera hiyo ya matangazo ilikiuka Katiba. Somo ninalolipata hapo linamhusu yeyote anayesema kwamba matangazo rasmi yanatosha. Kamera moja inayomilikiwa na wanaotazamwa hugeuzwa upande mwingine pale hasa ambapo wananchi wangetaka kutazama. Majirani zetu wa Tanzania nao walionja ladha hiyo mwaka 2016, Serikali ilipotangaza mwezi Januari kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, sababu iliyotolewa ikiwa gharama, na mahali pake pakawekwa kipindi cha usiku chenye sehemu zilizochaguliwa. Aliyechagua sehemu hizo hakuwa mkulima wa Singida.

Hapa kwetu Bunge la kitaifa limekuwa likirushwa moja kwa moja tangu mwaka 2008, na mabunge kadhaa ya kaunti huonyesha vikao vyao vikuu mtandaoni. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini fedha za bomba la zahanati haziamuliwi katika kikao kikuu mbele ya kamera. Kufikia wakati huo maneno yamekwisha kupikwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka makadirio yafikishwe bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na inataka kamati husika iyachambue na kuzingatia maoni ya wananchi kabla ya bunge kuyajadili, ili sheria ya matumizi ipite kabla ya tarehe 30 Juni. Nafasi ya mwananchi wa kawaida kusikika iko ndani ya wiki hizo chache, katika kumbi zenye feni moja na bila kamera yoyote. Ukikataza simu hapo, umekataza kumbukumbu yote.

Na jambo hili lina uzito mahakamani pia. Mwaka 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alisema ushirikishaji uwe wa kweli na usiwe desturi ya kutimiza sharti tu, na kwamba haitoshi kuandika ujumbe mfupi mtandaoni na kuwaachia wenye hamu wautafute. Akataja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya hadhara na redio za lugha za wenyeji kuwa njia za kuwafikia watu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya tumbaku, ikaweka miongozo yenye mwelekeo huo huo. Kisha Oktoba 2024, ilipoamua rufaa kuhusu Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, mahakama hiyo ikasema Katiba hailitwiki Bunge waziwazi wajibu wa kueleza sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni ya wananchi, ingawa ilihimiza itungwe sheria ya kuongoza ushirikishaji.

Sina nia ya kubishana na majaji. Nasema tu kwamba ikiwa wabunge hawalazimiki kutueleza kwa nini wameyakataa maoni yetu, basi angalau maoni yenyewe yabaki, kama yalivyosemwa, mahali yanapoweza kusikika tena. Kwa hali ilivyo sasa, kaunti ikishtakiwa kwamba haikuwashirikisha watu, itapeleka mahakamani tangazo, picha mbili tatu za ukumbi na ile orodha ya mlangoni. Sahihi ya mama yule, aliyekuja kulalamika, itahesabiwa kuwa ushahidi kwamba alishirikishwa, na ripoti ya sentensi moja itasema aliunga mkono. Jina lake litakuwapo na kauli yake haitakuwapo. Tangu nianze kazi ya ukarani sijaona dhuluma ya karatasini iliyo kubwa kuliko hiyo.

Nimewasikiliza wanaopinga kurekodi, na baadhi ya hofu zao ni za haki. Wanasema vijana hukata kipande cha sekunde ishirini, wakakisambaza, na mtu aliyesema jambo la maana akaonekana mjinga au mwizi. Hilo hutokea. Dawa yake ni kuwepo kwa rekodi kamili, ili yeyote aliyekatiwa maneno aweze kuonyesha yaliyotangulia na yaliyofuata. Kamati yenyewe irekodi mwanzo hadi mwisho kwa kifaa cha bei ya simu ya kawaida, na iiweke rekodi hiyo wazi. Ukizipiga marufuku simu hutawazuia wakataji, kwa kuwa kipande kilichonaswa kwa siri chini ya meza ndicho hukosa rekodi kamili ya kukisahihisha.

Hofu ya pili nimeambiwa na mwanamke, na naichukulia kwa uzito zaidi. Alisema kwamba yeye angeogopa kusimama na kuzungumzia mgogoro wa ardhi wa familia yake akijua kuna simu kumi zinamtazama, kwa sababu shemeji zake wataiona video kabla hajafika nyumbani. Katiba inalinda faragha katika kifungu cha 31, na nadhani kanuni nzuri inaweza kuzingatia haki zote mbili. Mwananchi anayetoa maoni aruhusiwe kuomba uso wake usionyeshwe au atoe maoni kwa maandishi. Watoto na waathiriwa wa ukatili wasirekodiwe kabisa. Ila ulinzi huo ni wa mwananchi. Mwenyekiti wa kamati, mkurugenzi aliyekuja kueleza fedha zimefanya nini, afisa anayejibu swali kuhusu zabuni, hao wako kazini kwa mshahara wa umma na wanazungumza kwa niaba ya umma, na sioni faragha gani wanayopoteza maneno yao yakihifadhiwa. Siku ile ukumbini sikumsikia yeyote akimuuliza mama yule kama anataka kurekodiwa. Ningemuuliza mimi, na najua angejibu nini, kwa kuwa alikuwa amepaza sauti asikike hadi nje.

Kuhusu wale wanaosema kwamba simu zinavunja heshima ya kikao, nitasema machache. Mwanga unaowaka usoni pa watu, mtu anayesimama mbele ya wenzake au anayezungukazunguka, ni usumbufu na azuiwe. Simu iliyotulia mkononi haimsumbui mtu. Lugha yetu huliita baraza lile jukwaa la mawe mbele ya nyumba za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, nje ya mlango, ambapo wazee huketi wakazungumza huku wapita njia wakiwasikia, na neno hilo hilo ndilo tulilolipa jina la mkutano wa watu wote. Heshima ya baraza haijapata kutokana na kufichwa.

Ninachokiomba kinaweza kutendeka kabla ya msimu ujao wa bajeti. Mabunge yetu 47 ya kaunti yarekebishe Kanuni za Kudumu ili zitamke kwamba yeyote aliyehudhuria kikao kilicho wazi, kiwe kikuu au cha kamati, kiwe makao makuu au wadini, anaweza kukirekodi bila kuomba kibali, mradi havurugi. Spika akifunga kikao, sababu itangazwe kabla ya watu kutoka na iandikwe katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge. Hakuna afisa atakayekuwa na mamlaka ya kumwamuru raia afute alichokirekodi. Na Bunge la kitaifa, ambalo limeletewa zaidi ya mara moja miswada ya ushirikishaji wa umma bila kuikamilisha kuwa sheria, liingize masharti haya katika mswada utakaofuata, pamoja na sharti kwamba maoni ya kila mzungumzaji yaambatanishwe na ripoti ya kamati kwa maandishi au kwa sauti.

Nawe Mhariri, nina ombi kwa waandishi wako wa mashinani. Wanapofukuzwa katika kikao cha kamati, kama wanavyofukuzwa, wasiishie kuandika kwamba mkutano ulifanyika faraghani. Wamuulize Spika ni hali gani isiyo ya kawaida aliyoiona kwa mujibu wa kifungu cha 196, na jibu lake, au ukimya wake, mlichapishe.

Mimi nimeyapiga chapa maneno ya yule mama kutoka katika daftari langu, ukurasa mmoja na robo. Nilimpelekea kibandani pake, nikamsomea taratibu huku akigeuza samaki, naye akanikatiza mahali pamoja: tarakimu ya mwaka wa pili nilikuwa nimeikosea, nimeandika tisa pahali pa sita. Tukairekebisha, akatia sahihi, na tukaipeleka kwa karani wa bunge la kaunti tukiomba iambatanishwe na ripoti ya wadi yetu. Hadi ninapoandika barua hii hatujajibiwa.

Karani mstaafu,
Pwani